Naombeni ushauri: nachora nakshi usiku kutuliza kichwa, ila upande wa rangi nakwama (nipo Mtwara)

KaraniGhalani

Habari za saa hizi wakuu. Mimi nipo hapa Mtwara mjini, nafanya ukarani ghalani kwenye korosho. Wanaoijua hii kazi wanajua msimu ukianza hamna kulala, magunia yanaingia, unahesabu, unaandika, dereva anapiga kelele huku na mkulima anauliza mzigo wake kule. Msimu uliopita ukaisha lakini kichwani kwangu haukuisha, nikilala naendelea kuhesabu magunia, nashtuka saa nane usiku moyo unakwenda mbio, nikaenda kupima nikaambiwa presha iko juu, nikaanzishiwa vidonge na daktari akaniambia nitafute kitu cha kupumzisha akili.

Sasa mpwa wangu anasoma chuo Dar akanitumia video ya mtu anachora nakshi ndogondogo zinajirudiarudia ndani ya kikaratasi cha mraba, wanaita Zentangle. Mimi toka shule ya msingi sijawahi kuchora kitu kikaeleweka, lakini usiku ule umeme ulikatika nikawasha taa ya chaji nikachukua kaunta buku na biro nikaanza kupiga mistari, mstari na mwenzie, mstari na mwenzie, nikaja kuangalia saa naona limepita lisaa na nusu na sijawaza gunia hata moja. Ni miezi miwili sasa, nachora karibu kila siku na nalala.

Tatizo ni rangi. Nimenunua maka peni za rangi kumi na mbili, ukigusa tu zinapenya mpaka ukurasa wa tatu. Nikajaribu rangi za maji za watoto, karatasi ikajikunja kama jani la mgomba na ile peni nyeusi niliyochorea ikachuruzika yote. Halafu kuna shida ya mkono, naanza taratibu vizuri ila nikifika mwishoni nakimbiza ili nimalize, pale ndo naharibu. Na jirani yangu mmoja mtu mzima namheshimu sana kaniambia niache, eti ni ibada za watu wa nje. Hilo nalo limenikaa moyoni. Mwenye uelewa anisaidie, na kama kuna mtu wa huku Kusini anafanya hii kitu nitafurahi zaidi.

BiHina_Mikindani

Pole sana kaka kwa presha, na hongera kwa kupata kitu kinachokutuliza. Kwanza kabla ya yote vidonge usiache hata siku moja, kuchora kukae pembeni ya dawa na siyo badala yake.

Mimi napaka hina na piko maharusi huku Mikindani mwaka wa kumi na moja huu, kwahiyo hilo la kukimbiza mkono nalijua vizuri sana. Mkono wa bibi harusi hauna kufuta. Ukikosea umekosea, na mama mtu kakaa pale anakuangalia. Nilichojifunza ni kwamba mkono ukianza kukimbia ujue pumzi imeshakimbia zamani. Nikiona hivo nanyanyua koni ya hina, natoa pumzi yote, naanza tena pale pale. Cha pili, usizungushe mkono, zungusha karatasi. Mstari mzuri ni ule unaouvuta kuja kwako, kama ni duara basi karatasi ndo izunguke kidogo kidogo, mkono ubaki pale pale. Jaribu leo utaona tofauti.

Na nikupe nakshi moja ya kuanzia, naipenda sana kwasababu mwisho wake unakua kama mawimbi yanaingia pwani. Chora kipande cha mraba. Pembeni kwa ndani, kuzunguka mraba wote, panga vinusu duara vidogo vimekaa juu ya mstari kama vibibo vimeegemea ukuta. Vijaze vyote vyeusi tii. Sasa zungushia kila kimoja mstari, usiguse, acha upenyo mwembamba. Zungushia tena. Na tena. Mistari itaanza kukutana na ya jirani yake, ikikutana usivuke, isimamishe pale, kwahiyo iliyochelewa inaonekana kama imepita nyuma ya mwenzie. Endelea hivohivo mpaka katikati pafungike. Haitakiwi kuwaza chochote, mkono unajua pa kwenda.

MwlSanaa_Nachingwea

Nakuunga mkono dada hapo juu, hiyo nakshi ya vinusu duara kwenye Zentangle ni moja ya zile za mwanzo kabisa watu wanazofundishwa, wao wanaiita Crescent Moon.

Ndugu Karani nikutoe wasiwasi wa ibada. Hiyo njia imeanzishwa Marekani, jimbo la Massachusetts, miaka ya 2000 mwanzoni na watu wawili, Rick Roberts na Maria Thomas. Maria alikua fundi wa kuandika herufi za mapambo. Siku moja anajaza vinakshi nyuma ya herufi kubwa, akamwambia Rick kwamba akifanya vile anasahau muda na wasiwasi wote unaondoka, Rick ambae aliwahi kuishi utawa akamwambia hicho unachonielezea ni kutafakari. Kutoka hapo wakatengeneza hatua ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata. Jina wameweka neno Zen lakini ndani yake hamna sala wala sanamu wala maneno ya kukariri. Ni peni na karatasi. Hatua ya kwanza wanasema tulia kidogo ushukuru, na hiyo kila mtu anaifanya kwa dini yake, mimi Mkatoliki nasema langu, wewe kama ni Muislamu anza na Bismillah na kazi iendelee. Mwambie mzee wako hivo kwa heshima, naamini atakuelewa.

Hatua zenyewe: unaweka nukta nne kwenye kona, unaziunganisha kwa penseli upate fremu, bila rula, ikipinda ipinde. Ndani ya fremu unapitisha mstari wa penseli unaozunguka ovyo, wao wanauita uzi, huo unagawa karatasi vyumba vyumba. Kila chumba unakijaza nakshi yake kwa peni nyeusi. Mwisho unaweka vivuli kwa penseli, unasugua kwa kidole au kwa kikaratasi ulichokiviringisha, hapo ndo kitu kinainuka unakiona kama kimechongwa. Halafu unaweka herufi zako na unakishika mbali kidogo unakiangalia. Watu wengi wanaruka hii ya mwisho na mi naona ndo tamu. Ufutio hautumiki, mstari uliokosewa unaurudia mara mbili tatu unakua nakshi mpya.

Kuhusu karatasi, hapo ndo kosa lako lilipo. Kaunta buku ni nyembamba na hata karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ni nyembamba kwa maka peni. Nenda stesheneri chukua manila nyeupe, ile ngumu, kata vipande. Vigae vyao wenyewe, vile vikaratasi vya mraba vya kuchorea, ni inchi tatu na nusu, yaani kama sentimita 9 kila upande, ukichukua manila ya saizi ya A4 unapata vipande sita na vikaratasi vya kujaribia rangi vinabaki. Udogo wake una maana, unamaliza kwa kikao kimoja, kwahiyo ile haraka ya kumaliza inapungua yenyewe.

MmakondeWaNewala

Mi naomba niseme kitu kingine kidogo maana naona tunaongelea Marekani tu wakati hizi nakshi tumezaliwa nazo. Bibi yangu mzaa mama alikua na nembo usoni, zile chale za zamani, mistari inakwenda pembe pembe inakutana katikati ya paji la uso inashuka mashavuni. Nikiwa mdogo nilikua nazifuata kwa kidole akiwa amelala. Angalia vinyago vya mapiko vya zamani, vile vya kuvaa kwenye ngoma zetu Wamakonde, utaziona zilezile, fundi alikua anazibandika kwa nta. Angalia mitungi ya huku uwandani, shingoni mama anapitisha nakshi kabla udongo haujakauka, na yeye hana ufutio.

Na ukili je? Nenda kakae na kinamama wanaosuka mikeka, jani linapita juu, linapita chini, linaruka mawili, linarudi. Mama yangu akiwa na msongo alikua hasemi na mtu, anachukua ukili wake anakaa barazani, jioni ameshatulia. Hakuna aliyemuita mtaalamu wa kutafakari. Kaka chora ukili. Anza na mkanda mmoja mistari miwili sambamba, halafu mkanda wa pili upite nyuma ya wa kwanza, yaani ukifika kwenye mstari simamisha peni, ruka, endelea ng'ambo. Wa tatu upite nyuma ya yote miwili. Ukishapata mikanda kama kumi ile nafasi inayobaki katikati jaza nyeusi. Utaipenda.

Na kwenye rangi tusisahau mtu wetu wa Mtwara, Tingatinga, dunia nzima inamjua kwa rangi.

WaTunduru_Asilia

Mkuu hapo kwa Tingatinga naomba turekebishane kwa upendo, Edward Saidi Tingatinga kazaliwa Tunduru mwaka 1932, na Tunduru ni Ruvuma. Ni Kusini kwetu sote sawa, lakini Mtwara siyo.

Ila umenikumbusha kitu ambacho kinamsaidia huyu ndugu moja kwa moja. Yule mzee alitoka huku akaenda kukata mkonge Tanga, baadae Dar, alipoanza kuchora miaka ya 1960 mwishoni hakua na vifaa vya wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, miaka michache sana ya kazi, lakini jinsi alivyofanya ndo mafundi wanavyofanya mpaka leo: unapaka kwanza rangi ya nyuma kibao kizima, unaacha IKAUKE, ndo unaweka mnyama juu yake, unaacha ikauke, ndo unaweka madoa na mistari. Rangi chini, mistari juu. Wewe unafanya kinyume, unachora kwanza kwa wino halafu unaleta maji juu ya wino, lazima ichuruzike. Geuza tu.

KaraniGhalani

Wakuu sijui niseme nini, nimesoma yote mara mbili. Tunduru umenifungua macho, hata sikuwaza kugeuza. Ila nina swali, nikipaka rangi za maji kwanza si ndo karatasi itajikunja zaidi? Na rangi gani na gani, maana nikiweka zote kumi na mbili inakua kelele, naangalia mpaka macho yanauma, ule utulivu wote unaondoka.

MwlSanaa_Nachingwea

Karatasi ibandike kwenye kibao kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, pande zote nne, upake ikiwa imebanwa na usiitoe mpaka ikauke kabisa. Maji yawe machache. Peni pia ijaribu kwanza kwenye kikaratasi, piga mstari, subiri dakika chache, pitisha brashi yenye maji. Ikichuruzika hiyo ni ya kutumia juu ya rangi iliyokauka tu. Biro ya kawaida wino wake ni wa mafuta hauchuruziki kirahisi, wala usiidharau. Kama unataka rangi bila maji basi penseli za rangi, hizo hazipenyi hata kidogo na unaweza kuzisugua zikachanganyika.

BiHina_Mikindani

Rangi kaka fungua sanduku la mkeo utoe kanga. Siongei kwa utani. Kanga nyingi zina rangi mbili tatu tu na inaonekana barabara nzima. Kisutu cha harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi, na miaka yote hiyo hakijachosha mtu. Chagua rangi mbili na weusi wa peni, weupe ni wa karatasi. Hizo kumi zingine zifungie kabatini. Na kwenye pindo la kanga utaikuta korosho, lile umbo limejikunja kichwa kikubwa mkia mwembamba, chora hiyo. Wewe korosho unazihesabu kila mwaka, sasa zichore. Ndani yake ziwekee mstari mwingine unaofuata umbo, katikati nukta tatu, nje vidoti kuzunguka kama ushanga.

KilwaMasoko_77

Nimechelewa ila nichangie. Mi nachora kwenye duara badala ya mraba, nilipata wazo nilipoenda Husuni Kubwa, yale magofu ya kasri la zamani kule Kilwa Kisiwani, kuna bwawa la kuogea la zamani lina pembe nane. Nilikaa pale ukingoni nikalinakili, pembe nane, kutoka kila pembe mstari mpaka katikati, vyumba vinane. Chochote unachoweka chumba kimoja unakirudia kwenye vyote. Ukiwa na siku mbaya hiyo ni nzuri zaidi maana huchagui kitu, unachagua mara moja tu halafu saba zilizobaki unafuata.

KaraniGhalani

Nimerudi kutoa mrejesho, ni Jumapili usiku. Jana nilitoka mapema nikapita stesheneri nikachukua manila na tepu, nikakata vipande sita kama mwalimu alivyosema. Nimechagua njano na nyekundu, nikazipaka zikiwa bado mbichi zikakutana katikati zikawa zile rangi za bibo lililoiva, nyekundu huku inaisha na njano kule. Nikaacha kibao dirishani mpaka leo mchana, nimetoa tepu karatasi imenyooka kabisa, na ule ukingo mweupe uliobaki chini ya tepu umekua fremu yenyewe.

Leo baada ya isha nimechora korosho juu yake kwa biro. Ya kwanza ikatoka vizuri, ya pili mkono ukaanza kukimbia nikaiingiza ndani ya ya kwanza. Zamani ningechana. Nikanyanyua peni, nikatoa pumzi, nikakumbuka ukili, nikachora ya tatu ikapita nyuma ya zote mbili, saivi ukiangalia unaona kama ziko kwenye kiganja. Kivuli nimeweka pale tu zinapopishana.

Mzee jirani nilimpelekea kigae changu kimoja cha zamani nikamueleza kama mwalimu alivyonielekeza. Alikishika muda mrefu, akaniuliza hizi pembe umeziona wapi, nikamwambia nimezichora tu, akasema mlango wa baba yake Mikindani ulikua na nakshi hizi hizi na ulishauzwa zamani. Ameniomba nimchoree. Ameanza kunielezea ulivyokua, juu palikua na maua ya aina gani, pembeni mnyororo, na mimi naandika. Bi Hina, kama huko bado kuna milango ya zamani yenye mnyororo pembeni naomba nikija wiki ijayo unionyeshe, nataka niuone vizuri kabla sijauanza.