Diwali imepita na dhahabu imeshuka: tununue seti ya harusi sasa au tungoje?

Bint_Kibokoni

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Mdogo wangu anaolewa Desemba hii, shule zikishafungwa. Upande wa bwana harusi wametoa pesa ya dhahabu badala ya kuleta seti yenyewe, wakatuachia tuchague wenyewe. Tunataka karati 22, kama gramu 40 kwa jumla: mkufu, herini, pete na bangili mbili nyembamba. Baba alikwenda kuulizia Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025, siku ambayo wakia, kipimo cha dhahabu sokoni, ilikuwa karibu dola 4,380, akarudi amenyong'onyea. Kesho yake tukasikia bei imeanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, na wiki hii imegusa chini ya 4,000.

Mjomba anasema sababu ni Diwali. Wahindi hununua dhahabu kwa wingi kabla ya sikukuu, ikipita hunyamaza, na bei inakwenda chini. Kwa hivyo tungoje, itazidi kushuka. Mama naye anaogopa tukingoja itapanda tena, na hizi pesa si zetu, ni amana ya watu.

Je, ni kweli sikukuu ndizo zinazoendesha bei? Na kama ni kweli, tungoje mpaka lini?

Kassim_Likoni

Mjomba amesema kweli. India ni mnunuzi mkubwa mno, haiwezekani isitikise bei. Subirini Novemba.

Sonara_MjiWaKale

Dada, hongereni kwanza, Mungu awatimizie.

Mimi niko kaunta ya dhahabu hapa Mombasa, kazi ya baba yangu na ya babu yangu. Hili la mjomba wako huulizwa kila Diwali, kila Shaabani harusi zinapobanana kabla ya Ramadhani, na kila Desemba. Kuna ukweli ndani yake, lakini umekaa mahali ambapo mjomba hakuutazamia. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu nimeona familia zikingoja kwa maneno kama hayo hadi wiki ya harusi, kisha bibi harusi anavalishwa seti ya kuazima.

Bei tunayoianzia sote, mimi, sonara wa Zanzibar na wa Mumbai, ni ile ya wakia moja, yaani gramu 31.1, kwa dola. London huitangaza mara mbili kila siku ya kazi, saa nne unusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa zao, na katikati ya hapo inachezacheza sokoni saa zote. Bei hiyo haitazami kalenda ya mtu. Angalia mwaka huu wenyewe. Wahindu wana siku zao za kuwakumbuka wazee waliotangulia, Pitru Paksha. Mwaka huu ziliangukia tarehe 7 hadi 21 Septemba, na wengi wao hawanunui dhahabu wala kitu kipya kikubwa katika siku hizo. Kwa hesabu ya mjomba dhahabu ingepoa. Ikapanda! Ilianza hapo ikiwa karibu dola 3,600, ikatoka ikiwa karibu 3,700, kwa sababu tarehe 17 benki kuu ya Marekani ilipunguza riba. Dhahabu haizai chochote ikikaa kabatini. Riba ya dola ikiwa kubwa, mwenye pesa anaona afadhali aziweke huko zizae. Riba ikipungua, dhahabu inapata wateja wapya ambao hawajawahi kuvaa hata kipini.

Halafu Dhanteras, siku ya kununua dhahabu kuliko zote kwao, ilikuwa Jumamosi tarehe 18 Oktoba. Jumamosi London imefungwa. Mamilioni ya watu waliingia madukani India siku ile, na bei ya wakia haikusogea hata senti, kwa kuwa hapakuwa na soko la kuisogeza. Dhahabu waliyoinunua ilikwisha kuagizwa na wenye maduka wiki nyingi nyuma, nyingine ni ya tangu Agosti. Kwa hiyo sikukuu ikiwa na nguvu yoyote kwenye bei ya dunia, nguvu hiyo hupita kabla ya taa za Diwali kuwashwa.

Sasa lile anguko la tarehe 21. Sikatai kwamba kunyamaza kwa India kulichangia, maana bei ikianza kuteleza na mnunuzi mkubwa yuko mapumzikoni, hakuna wa kuidaka. Lakini dhahabu ilianza mwaka ikiwa kama dola 2,650, ikafika karibu 4,380. Waliokuwa wamenunua chini walitaka kuchukua faida yao. Dola nayo ilipata nguvu, na maneno ya Marekani na China kuhusu ushuru yakaanza kulainika, hofu ikapungua. Hofu ndiyo mafuta ya dhahabu. Mwezi wote huu wa Oktoba 2025 serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa kukosa bajeti, na hiyo nayo ilikuwa inaisukuma juu.

Kuna jambo kubwa zaidi, ambalo halina sikukuu kabisa. Tangu 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na akiba yake ya nje ikazuiwa na nchi za Magharibi, benki kuu nyingi ziliona kwamba dola zilizo kwenye akaunti ya mtu mwingine zinaweza kufungwa, ila dhahabu iliyo kwenye ghala lako haifungwi. 2022, 2023 na 2024, kila mwaka benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000. Wateja hawa hawaulizi Diwali ni lini wala Idd ni lini.

Sikukuu inabadilisha nini basi? Inabadilisha kile kinachoongezwa juu ya bei ya London. Kabla ya Diwali wauzaji wa jumla wa India hutoza dola kadhaa zaidi kwa kila wakia. Siku za kuwakumbuka wazee huweza kupunguza mpaka chini ya bei rasmi. Na hapa kwetu inabadilisha ufundi, yaani ujira wa kutengeneza. Desemba na Shaabani mafundi wamejaa kazi, hakuna wa kukupunguzia. Mjomba akitaka kuwafaidi kwa kuchagua wakati, huo ndio upande wa kuchezea. Wiki hizi baada ya Diwali na kabla ya harusi za Desemba kuanza, maduka yamepoa. Ombeni ufundi upungue. Mtapata.

Nitoe na hesabu. Kwa dola kukaa karibu shilingi 129, gramu ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu safi, kabla ya ufundi ilikuwa takriban shilingi 16,650 siku ile baba alipoulizia. Wakia ikiwa 4,000, ni kama 15,200. Kwa gramu 40 mmeshaokoa karibu shilingi 58,000 bila kufanya lolote. Ningekuwa mimi, ningenunua mkufu na bangili wiki hii na kuacha herini na pete kwa mwezi ujao. Ikishuka mtafaidi kidogo, ikipanda hamtaumia sana. Amana ya watu haichezewi kamari.

Kassim_Likoni

Shukrani fundi, hiyo ya Septemba sikuijua. Lakini mbona mwanzoni mwa 2024 dunia nzima ililia dhahabu imevunja rekodi, na dada yangu alinunua hapahapa Mombasa kwa bei nafuu kuliko aliyoambiwa Januari?

Sonara_MjiWaKale

Kaka, huo ni mfano mzuri kuliko yote niliyotoa, na nilipaswa kuanza nao. Mwisho wa Januari 2024 wakia ilikuwa kama dola 2,040, na dola moja ilikuwa shilingi 160. Watu walikuwa na wasiwasi Kenya itashindwa kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Februari serikali ikauza hati fungani mpya za dola bilioni 1.5 na kuanza kulinunua deni lile la zamani, wasiwasi ukaisha, shilingi ikasimama. Mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi kama shilingi 132, ilhali dhahabu imepanda mpaka dola 2,230. Piga hesabu: gramu ya dhahabu safi ilitoka karibu shilingi 10,500 ikaja kama 9,460. Kwa dola ni rekodi, kwa shilingi ni nafuu ya asilimia 10. Siku zile wateja hawakuniamini nilipowaambia bei imeshuka, kwa kuwa habari za usiku zilisema vingine.

Kwa hiyo ukiwa Kenya tazama mambo mawili, wakia na dola. Bahati mwaka huu wote shilingi imetulia, ndiyo maana kila panda shuka ya dunia tunaipata nzimanzima.

Dalali_Geita

Nawasalimu kutoka Geita. Sisi tuko upande wa wanaochimba na kuuza, tangu soko la madini lilipofunguliwa hapa 2019 bei ya siku tunaisoma kwenye ubao, na inatoka kwenye bei hiyohiyo ya dunia. Diwali hatuioni. Tunachokiona ni Desemba, mchimbaji mdogo anapouza hata kile alichokuwa amekificha, kwa ajili ya Krismasi na ada za Januari. Ubao haushuki kwa sababu yake, ila anayeuza kwa haraka nje ya soko hupunjwa vibaya.

La benki kuu fundi amesema kweli, na huku limefika. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya Benki Kuu ya Tanzania.

Mvita_Deira

Bint Kibokoni, mimi niko Dubai na kila wiki natumiwa ujumbe na jamaa za Mombasa niwanunulie. Bei ya gramu hapa hutangazwa na umoja wa masonara na hubadilika hata zaidi ya mara moja kwa siku, duka hadi duka ni ileile. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo ya hapa na ya London hazipishani. Linalopishana ni ufundi, na kweli wakati wa Diwali maduka hutangaza ufundi nusu, au bure kabisa kwa baadhi ya bidhaa. Soma vizuri hapo: mara nyingi ni kwa sarafu na bangili za kawaida, zile seti nzito za harusi hazimo. Kuna na kodi ya asilimia 5 tangu 2018, ambayo mgeni anaweza kurudishiwa uwanja wa ndege akiwa na stakabadhi. Ukitia nauli, na ushuru unaoweza kudaiwa ukifika Mombasa, kwa gramu 40 sioni faida. Nunua huko huko kwa fundi unayeweza kumrudia kamba ya mkufu ikikatika.

Bint_Kibokoni

Nimewasomea baba na mama maneno yote haya, na mjomba alikuwepo. Amekubali la Septemba kwa shingo upande! Tumeamua kununua nusu wiki hii.

Swali la mwisho kwa fundi. Mama ana bangili zake nne za zamani, alipewa na nyanya, hazimwingii tena mkononi. Anasema tuzibadilishe tupate bangili za bibi harusi. Bei ikiwa juu hivi si ndiyo vizuri kuuza?

Sonara_MjiWaKale

Ukibadilisha dhahabu kwa dhahabu siku moja, duka moja, bei kuwa juu au chini haikuhusu sana, mradi bei ya kupokelea yako na ya kukuuzia nyingine iwe ileile. India nako mwaka huu wengi wamefanya hivyohivyo, wanapeleka za zamani na kuongeza kidogo, maana za pesa taslimu zimewashinda. Unacholipa ni ufundi na upungufu wa kuyeyusha. Hapo ndipo uangalie.

Zipimwe mbele yako, moja moja, kabla hazijaingia motoni, na uandikiwe uzito na karati ya kila moja. Bangili za zamani za Pwani nyingine ni karati 22 kamili, nyingine ni 21 au chini zaidi, na zingine zina nta ndani inayoongeza uzito. Fundi akisema zote ni 18 bila kuzipima, chukua bangili zako utoke. Usikubali pia kupewa stakabadhi yenye jumla tu ya shilingi bila gramu.

Na muulizeni mama tena, peke yake, mjomba asiwepo. Zikishayeyuka hazirudi, na mbili kati ya nne zinatosha kwa bangili nyembamba za bibi harusi.