Nimehamia Minnesota, ni raia lakini sina bili hata moja kwa jina langu. Nitapigaje kura Novemba?

BintiKisauni:
Salaam wanajamvi. Niliapishwa uraia Houston mwezi wa saba, na siku ile ile tukagawiwa fomu za kujiandikisha kupiga kura, nikaijaza yangu. Agosti tukahamia Brooklyn Park, tunakaa kwa dada yangu mkubwa hadi tujipange. Nyumba ni ya shemeji, stima na maji ni jina lake, simu yangu iko kwenye akaunti ya mume wangu, leseni yangu bado ya Texas. Nataka kupiga kura ya gavana na wabunge wa jimbo Novemba 3. Kazini (natunza wazee, zamu ya usiku) mmoja ananiambia fomu ya Houston yatosha, mwingine asema bila leseni ya Minnesota nisijisumbue hata kwenda. Nimwamini nani?

La pili, mume wangu ana grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, bado si raia) na wiki hii anakwenda kutafuta leseni. Wakimtajia habari za kura ajibu nini?

MzeeTausi:
Hongera kwanza kwa uraia, dada. Usimwamini yeyote kati ya hao wawili.

Uchaguzi wa Marekani unaendeshwa na majimbo yenyewe, hakuna tume moja ya uchaguzi ya nchi nzima kama IEBC ya Kenya. Jina lako liko kwenye sajili ya Texas na litakaa huko huko, halikufuati. Hata ukihama kutoka kwa dada ukapanga kwako mtaa wa pili, itabidi ujaze tena. Minnesota wanataka uwe raia, uwe na miaka 18, uwe umeishi jimboni angalau siku 20 kabla ya uchaguzi, na usiwe gerezani kwa kosa kubwa la jinai. Umekuja Agosti, siku 20 zilishapita kitambo.

Njia nyepesi: ingia tovuti ya Katibu wa Jimbo (Secretary of State, ofisi inayosimamia uchaguzi) ujiandikishe kabla Oktoba 13 haijaisha. Wanaomba namba ya leseni ya Minnesota AU tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Social Security (hifadhi ya jamii). Hiyo ya pili unayo. Habari ya bili haitajwi hapo.

Shemeji_wa_Fargo:
Miye niko ng'ambo ya mto tu, Fargo. Huku North Dakota hakuna kujiandikisha kabisa, ni sisi peke yetu Marekani nzima. Unakuja na kitambulisho chenye adresi ya huku, unapiga. Ndugu zetu wa Moorhead, daraja moja tu kutoka hapa, wanafuata sheria ya Minnesota. Kwa hiyo dada, ukipewa ushauri uliza kwanza anayekushauri anaishi jimbo gani.

KaraniWaKura:
Nimekaa kwenye meza ya usajili kituoni 2022 na 2024, hebu niongeze.

Oktoba 13 ikikupita usikate tamaa. Minnesota unaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi, pale pale kituoni, ukapiga kura dakika hiyo hiyo. Hapo ndipo tunapoomba uthibitisho wa unapoishi. Leseni yako ya Texas inakubalika kama kitambulisho cha picha, mradi uwe na karatasi nyingine yenye jina lako na anwani ya Brooklyn Park: bili ya simu, mkataba wa nyumba, taarifa ya benki. Bili au taarifa iwe ya ndani ya siku 30 za uchaguzi, na unaweza kuionyesha kwenye simu. Kwa hiyo leo hii badilisha anwani kwenye akaunti yako ya benki, taarifa ya Oktoba itakuja na anwani mpya.

Na kama hata hiyo huna, una dada. Mpiga kura aliyesajiliwa katika eneo hilo hilo la kituo anaruhusiwa kukudhamini. Mnakuja pamoja, anasimama mbele yetu, anakula kiapo kwamba anajua unaishi hapo, anatia sahihi. Mtu mmoja anaweza kudhamini hadi wanane. Nakumbuka mama mmoja alikuja na wanawe watatu wakubwa, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Ila aliyedhaminiwa yeye siku hiyo hawezi kugeuka akamdhamini mwingine.

Ukishajiandikisha mapema mambo ni mepesi mno: unataja jina na anwani, unatia sahihi kitabuni, unapewa karatasi. Kitambulisho hatuulizi. Usingoje kuchovya kidole kwenye wino pia, hakuna!

ZamuYaUsiku:
Mimi nashtuka mnavyolipita la mume. Hilo ndilo la leo.

Dada, mwenye grinikadi hapigi kura ya gavana, ya bunge la jimbo wala ya rais. Akipiga ni kosa la jinai na anaweza kufukuzwa nchini. Kudai ni raia wakati si raia kunaweza kumfungia mlango wa uraia moja kwa moja, na "sikujua" haimsaidii sana. Fomu ya kuomba uraia, N-400, itamwuliza kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kule kwenye leseni atoe grinikadi yake kama ilivyo, asome kila swali, penye swali la uraia ajibu hapana, na asitie sahihi chochote cha usajili wa kura. Kama alishawahi kutia sahihi kitu cha namna hiyo Texas, aende kwa wakili wa uhamiaji kabla hajajaza fomu nyingine yoyote. Asije kuuliza hapa jamvini.

BintiKisauni:
Allah awalipe. Mume nimemsomea jibu la ZamuYaUsiku mara mbili. Sasa zamu yangu inaisha saa moja asubuhi na nina kitoto cha miaka mitatu. Na je, lazima niwe na chama?

KaraniWaKura:
Vituo vingi vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Ukiwa kwenye foleni saa mbili ikigonga, utapiga. Ungekuwa na zamu ya mchana, mwajiri angelazimika kukuruhusu uende bila kukukata mshahara. Chama si lazima. Kwenye mchujo wa Agosti, wa kuteua wagombea wa vyama, ndiko unakobanwa kuchagua wagombea wa chama kimoja tu, Novemba unachanganya upendavyo. Ukikosea kupaka duara la mgombea usifutefute, rudisha karatasi upewe nyingine.

MzeeTausi:
Na usiishie kwa gavana. Viti vyote 134 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo na 67 vya Seneti vinagombewa. Hapo Brooklyn Park ndipo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliposhinda kiti cha baraza hilo 2024. Geuza karatasi pia, majaji nao wanapigiwa kura na mara nyingi wako nyuma.

BintiKisauni:
Nimeshajaza mtandaoni, dada alinisimamia kama mwalimu wa chuo. Na mtoto, naingia naye?

KaraniWaKura:
Ingia naye. Fulana ya mgombea tu asivae, tutamwomba aigeuze.