Gesi, umeme au mkaa: tuko sita Bweyogerere, tushike lipi?

MamaWatoto_Bweyogerere
Hamjambo ndugu zangu. Tangu niolewe napikia mkaa kwenye sigiri. Sasa gunia linapanda bei kila msimu, na mwanangu wa pili moshi ukitanda tu, kifua kinambana. Tunapika maharagwe na posho (ugali) karibu kila siku, matooke (ndizi) wikendi. Yaka yetu, mita ya kulipia umeme kabla, inakula uniti 60 hivi kwa mwezi: taa, friji, pasi. Ninunue mtungi wa gesi au jiko la umeme?

FundiMita
Dada, tupige hesabu kwanza. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu uniti 13 za umeme, lakini kwenye jiko la kawaida ni zaidi kidogo ya nusu tu inayoingia kwenye sufuria. Nyingine inapita pembeni na kupasha joto hewa ya jikoni. Jiko la umeme la koili linapoteza kidogo zaidi ya robo. Kwa hiyo kilo ya gesi inafanya kazi ya uniti kama 10 za koili.

Upande wa bei, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ya Uganda (ERA) mwaka 2025 iliweka hivi kwa majumbani: uniti 15 za kwanza kila mwezi shilingi 250, kutoka 16 hadi 80 takriban 756, kutoka 81 hadi 150 ni 412. Hiyo ya 412 ndiyo bei ya kupikia. Ukipita 150 unarudi kwenye bei ya juu. Juu yake weka VAT ya asilimia 18. Wewe ukiwa na 60, uniti 20 za mwanzo za kupikia utazilipia ghali, nafuu inaanza baada ya hapo. Uniti 10 za nafuu, na VAT yake, ni kama 4,860. Sasa muulize muuza gesi wako kilo moja ni ngapi.

Mpangaji_Nansana
Kaka, hesabu yako ni ya mwenye mita yake. Sisi tuko wapangaji watano kwenye mita moja. Kabla mwezi haujafika katikati tumeshapita 150, na mwenye nyumba anatutoza wote bei moja aliyoipanga mwenyewe. Ile 412 sijawahi kuionja. Inaniuma, kwa sababu iliwekwa ili watu kama mimi waache mkaa. Nimebaki na gesi.

MamaWatoto_Bweyogerere
Pole sana. Na gesi, bei yake anapanga nani?

Mwana_wa_Hoima
Soko, mama. Uganda iliachia bei za mafuta mwaka 1994, na ERA kazi yake ni umeme tu. Leseni za biashara ya gesi ziko Wizara ya Nishati, viwango na mizani viko UNBS, shirika la viwango. Mtungi unaopikia umetoka ng'ambo, ukashuka bandarini na kupanda lori hadi kwetu, ndiyo maana barabara ikikwama bei inaruka.

Watu huchanganya na gesi ya Songo Songo, ile inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Hiyo ni gesi asilia, methani, nyepesi kuliko hewa. Ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Huku kwetu Ziwa Albert gesi iko pamoja na mafuta ya miradi ya Tilenga na Kingfisher. Sheria ya petroli ya 2013 hairuhusu kuichoma ovyo hewani, na mpango ni kutengeneza gesi ya mitungi. Mamlaka ya Petroli (PAU) ndiyo inayosimamia. Tunaisubiri kwa hamu, lakini chakula cha leo hakisubiri.

BiZaina_Bombo
Mwanangu, ukinunua gesi, pima. Mtungi wangu wa kilo 6 ulianza kuisha siku ya kumi na tatu, zamani ulinifikisha ishirini. Nikaukagua: pale shingoni umegongwa uzito wa mtungi mtupu, wangu 7.4. Ukijaa unapaswa kusoma 13.4. Nikaomba uwekwe kwenye mizani palepale dukani, ikasoma 12.1. Muuzaji akanibadilishia bila neno. Sasa siondoki kabla ya mizani.

Tena paka povu la sabuni kwenye mpira na kiungo. Povu likifura, funga, fungua mlango, usiguse swichi. Gesi hii hutulia chini sakafuni, dirisha la juu peke yake halikusaidii.

Jinja_Jikoni
Hakuna aliyetaja jiko la presha la umeme! Maharagwe yangu nayaloweka usiku, asubuhi nasoma Yaka kabla na baada: yanakula kama nusu uniti, sufuria nzima. Limefungwa na lina kizuizi cha joto pembeni, ndiyo siri yake. Koili kwa maharagwe yaleyale inawaka saa mbili na zaidi. Matooke pia yanaiva vizuri, ila usitarajie harufu ya majani ya ndizi.

FundiMita
Kweli kabisa, hilo nililiruka. Dada, angalia pia waya wa jikoni kwako. Kama ni ule mwembamba wa taa, mwite fundi avute mwingine kwanza.

MamaWatoto_Bweyogerere
Asanteni sana. Maharagwe naanza na presha mwezi huu, na mtungi wa kilo 6 kwa posho na siku umeme ukikatika. Bi Zaina, shikamoo, mtungi niliotaka kuukopa kwa jirani maandishi ya shingoni yamepakwa rangi juu, hayasomeki. Niukatae?

BiZaina_Bombo
Marahaba mwanangu. Ukatae.