Tupeane uzoefu: Discworld uliianzia kitabu kipi?

Zabibu Chungu, Dodoma mjini
Ndugu zangu, mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita ameniomba nimchagulie kitabu cha kuanzia katika mfululizo wa Discworld wa Terry Pratchett. Riwaya ziko 41, kuanzia The Colour of Magic ya mwaka 1983 hadi The Shepherd's Crown iliyotoka mwaka 2015, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Naomba kila mmoja aeleze alianzia wapi na yaliyompata.

Mwalimu wa Mpwapwa
Nilianza na cha kwanza, nikikisoma ndani ya basi la kwenda Singida. Nilimfurahia mno yule mchawi asiyeweza uchawi, pamoja na mtalii wake mwenye sanduku linalotembea kwa miguu, katika dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kasa anayeogelea angani. Tulipokuwa tunaingia Manyoni nilifika ukurasa wa mwisho, mchawi akaporomoka kutoka ukingoni mwa dunia, na kitabu kikaishia hapo. Hadithi inaendelea katika The Light Fantastic, ambacho nilikitafuta Dodoma nzima bila kukipata, kwa hiyo mtu wangu alibaki anaanguka kwa muda mrefu sana. Waliokisoma kilipotoka walisubiri hadi mwaka 1986, lakini hilo halikunipunguzia uchungu hata kidogo.

Mlinzi wa Zamu
Mwalimu, kwa heshima zote, umetutobolea mwisho!

Mwalimu wa Mpwapwa
Kitabu kina zaidi ya miaka 40, ndugu yangu. Hata siri za serikali hazifichwi hivyo.

Bibi wa Makole
Namuunga mkono Mwalimu. Vile viwili vya mwanzo mwandishi alikuwa bado anawatania waandishi wenzake wa hadithi za mapanga na majoka, na asiyewasoma hao utani unampita. Mpe kijana Guards! Guards! cha mwaka 1989, chenye askari wachache wa doria ya usiku katika jiji la Ankh-Morpork, jiji ambalo wezi wana chama chao kinachotambuliwa kisheria.

Mlinzi wa Zamu
Sikubaliani nawe, mama. Vitabu visomwe kwa mpangilio vilivyotoka, ili msomaji amwone mwandishi akikomaa.

Mjukuu wa Kondoa
Mabishano yenu yamenikumbusha msiba wa shangazi yetu. Usiku wa matanga nilijitenga nyuma ya nyumba na Mort, ambacho Mauti, mifupa mitupu aliyepanda farasi mweupe, anakwenda kwenye mnada wa vibarua na kumchukua kijana ambaye hakuna tajiri aliyemtaka, ili amfundishe kazi. Nilicheka kwa sauti. Wajomba walinijia wote kwa pamoja, na asubuhi nikawekwa kikao mbele ya babu, ambaye aliamuru nimsomee kilichonichekesha. Nilisoma nikitafsiri huku natetemeka. Babu alisikiliza kimya, kisha akauliza kijana huyo analipwa kiasi gani, na farasi anaitwa nani. Nilipomjibu kwamba anaitwa Binky, mzee alicheka hadi akashika ubavu, na wajomba wakakosa la kusema. Kitabu alibaki nacho, na kila nikienda lazima nimsomee.

Bibi wa Makole
Poleni na msiba, mwanangu, lakini babu huyo tunamwomba Makole.

Zabibu Chungu, Dodoma mjini
Nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Tafadhali, mpwa wangu bado anasubiri.

Msomaji wa Chang'ombe
Mpe Small Gods cha mwaka 1992, kwa sababu kinajitegemea. Mungu mkuu amebaki kobe mwenye jicho moja kwa kuwa mtu anayemwamini kwa dhati ni mmoja tu. Asikisome karibu na mchungaji asiyependa utani.

Mwalimu wa Mpwapwa
Kwa vijana kuna The Wee Free Men, kilichoandikwa kwa ajili yao.

Msomaji wa Chang'ombe
Mwalimu, vile vijitu vya bluu vinaongea Kiingereza cha Uskoti! Kijana atadhani shule ilimdanganya.

Mlinzi wa Zamu
Basi asome kitakachopatikana kwa bei nafuu. Nawe Mjukuu, mpelekee babu Reaper Man: Mauti anafukuzwa kazi na kwenda kuwa kibarua wa kuvuna shambani.

Mjukuu wa Kondoa
Hicho nakitafuta kabla ya mavuno ya uwele. Mwenye nakala Dodoma anijulishe. Nitamrudishia, babu akiruhusu.