kcal/h.m² za zamani na kW/m² za kapteri mpya: tumepita kikomo ao bado?

mtoto_wa_ruashi (Lubumbashi)
Bandugu jambo. Niko na swali ya vipimo, mwenye kujua muzuri anisaidie juu hii si mambo ya kubahatisha. Natumika mu atelie moja hapa L'shi, tuko na tanuru ya kuyeyusha shaba chakavu. Shefu alileta kapteri mpya, ile unabandika ku ukuta wa inje inakuonyesha joto inayotoka, inaandika kW/m². Leo inaonyesha 1,2, ni kusema W 1200 kwa metre kare. Sasa karatasi ya matofari ya ndani, ya wakati ya Babeleji, ya kupigwa na mashini, inasema joto inayopita ku ukuta isizidi 900 kcal/h.m² (kilokalori kwa saa kwa metre kare). Katalogi ingine ya Wamarekani inasema 350 BTU/h.ft² (BTU ni kipimo chao cha joto, ft² ni futi kare). Mwenzangu akachukua 900 akazidisha na 4,186 akapata 3767, akasema sisi tuko ku 1200 basi hatujafika hata nusu, tuendelee kuchoma. Mimi roho haitulii, nikipitisha mukono karibu na ule ukuta naona moto ni mwingi sana. Nani iko na haki?

yaya_katuba
Mudogo wangu, roho yako iko na haki. Mwenzako alifika nusu ya njia akasimama. Ukizidisha kilokalori na 4,186 unapata kilojuli, sawa, lakini ile kilojuli ingali ni ya SAA nzima. Watti ni juli kwa SEGONDE. Saa moya iko na segonde 3600, kwa hiyo 3767 kJ kwa saa gawanya na 3,6 unapata 1046 W/m². Njo maana watu wa zamani walishika 1,163 mu kichwa: 4,1868 gawanya na 3,6. Unazidisha kcal/h.m² na 1,163, unapata W/m², basi, metre kare inabakia metre kare haigusiwi.

Kwa hiyo kikomo chako ni karibu 1047 na kapteri inasoma 1200. Mumepita, karibu asilimia 15.

Ya Wamarekani inakuwa na kazi mingi juu kila kitu kinageuka. BTU moya ni juli 1055, gawanya na 3600 ni W 0,293. Futi kare moya ni metre kare 0,0929. 0,293 gawanya na 0,0929 unapata 3,15. Basi 350 BTU/h.ft² ni karibu 1104 W/m². Unaona, zile karatasi mbili zinasemezana, moya 1047 ingine 1104, ni 1200 yako njo iko inje ya zote mbili. Lakini chunga sana, kuna katalogi zingine zinaandika BTU kwa segonde, hapo moya ni W 11357 kwa metre kare. Soma ile herufi ya chini mbele ya kugusa kalkiletri.

Na usiamini kapteri peke yake. Ukuta wenye hewa ya kutembea polepole unatoa karibu W 12 mpaka 15 kwa metre kare kwa kila digri inayozidi joto ya hewa. 1200 inakupa digri 80 mpaka 100 juu ya hewa. Kama mu atelie ni 25 ao 30, ukuta ule unapaswa kuwa kati ya 105 na 130. Twala termometre ya ukuta upime. Ikisoma 60, kapteri imebandikwa vibaya, ikisoma 115 basi tofari imeliwa ndani.

baridi_goma
Aksanti yaya, umeeleza muzuri. Mimi niko Goma natengeneza vyumba vya baridi, na sisi tungali na frigori ku mashini za zamani, ni kilokalori ile ile tu lakini ya kutolewa. Mashini ya frigori 2000 kwa saa ni W 2326.

Naongeza kitu kimoya juu nimeona vijana wanaanguka hapo: kuna kcal/h.m².°C, iko na digri ku mwisho. Ile haiko joto inayopita, ni namna ukuta unapitisha kwa kila digri. Ya kcal inageuka na 1,163 ile ile, juu digri ya Celsius na ya Kelvin ni sawa kwa tofauti. Lakini ya BTU yenye °F haigeuki na 3,15, inageuka na 5,68, digri ya Fahrenheit ni ndogo.

mtoto_wa_ruashi
Aksanti sana bakubwa. Swali ya mwisho: karatasi ya pili ya wale Babeleji iko na cal/cm².s, ya kuigeuza ku W/m² ku intaneti nimepata mahali pamoya 41840 na pengine 41868. Nitwale gani?

mwalimu_fizikia_bkv
Yoyote, kijana wangu. Kuna kalori ya 4,184 (ya kemia) na kalori ya 4,1868 (ya watu wa mvuke), tofauti haifike hata asilimia 0,1 na kapteri yako yenyewe haiko sawa kiasi hicho. Kitu cha kuchunga ni zile 10000: metre kare iko na sentimetre kare elfu kumi, wengi wanasahau. Huo mugawanyiko wa kalori njo ulifanya mkutano wa dunia wa vipimo mu 1948 useme joto ipimwe na juli, lakini karatasi za viwanda hazikubadilika siku hiyo. Hata watu wa volkano huko Goma wakifungua vitabu vya miaka ya 1960 watakuta joto ya ardhi mu mikrokalori kwa sentimetre kare kwa segonde, moya ni karibu miliwati 42 kwa metre kare.

yaya_katuba
Na kabla ya kuchoma tena pima pembeni ya mulango na karibu na mahali moto unaingilia, hapo njo tofari inaliwa mbele. Uandike kila mahali na namba yake, umupe shefu.

mtoto_wa_ruashi
Tumepima na termometre: 118 karibu na mulango, 84 nyuma. Shefu amesema tuzime, kesho wanafungua kuangalia matofari.