Matapeli wa "kurudi zamani", acheni kuusingizia ulimwengu unaotanuka!

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Mods, msiutupe huu uzi kule kwenye vichekesho, maana watu wanapigwa hela.

Kuna darasa la mtandaoni linazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kiingilio buku kumi na tano, tangazo lina galaksi (kundi la mabilioni ya nyota) na saa ya ukutani iliyopindwa kama chapati. Jina la mwenye darasa nalihifadhi. Somo lenyewe: jinsi kutanuka kwa ulimwengu kunavyotufungulia mlango wa kurudi zamani. Nikalipa, maana fizikia naipenda tangu nasoma PCM. Nilichopewa ni chai tupu.

Slaidi ya kwanza: ulimwengu unatanuka, muda unakwenda mbele. Slaidi ya pili: mshale umegeuzwa, ulimwengu unasinyaa, muda unarudi nyuma. Pembeni kabandika picha ya mwanafizikia Stephen Hawking kama muhuri wa serikali, na kwenye chati watu wanamwaga makofi.

Ni kweli Hawking aliwahi kuandika kitu cha namna hiyo mwaka 1985. Ila hadithi haikuishia hapo. Mwanafizikia mwenzake, Don Page, alimpinga, kisha mwanafunzi wa Hawking mwenyewe, Raymond Laflamme, akapiga hesabu zikaonyesha tofauti, na Hawking akakiri hadharani kwamba alikosea. Hata ulimwengu ungeanza kusinyaa kesho, watu wangeendelea kuzeeka na glasi iliyovunjika isingejiunga. Ukubwa wa ulimwengu ni jambo moja, mwelekeo wa muda ni jambo jingine. Unamtumia mtu kama shahidi halafu unaficha kwamba ushahidi wake aliufuta mwenyewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita? Huo ni utapeli, hauna jina lingine.

Ikaja hoja ambayo hata humu jukwaani naiona kila mwezi: "Kuna galaksi zinakimbia kuliko mwanga, kwa hiyo Einstein kapitwa, kwa hiyo zamani kunafikika." Jamani! Galaksi iliyo mbali zaidi ya miaka ya mwanga bilioni 14 hivi (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja) inaachana na sisi kwa kasi inayozidi ya mwanga, hilo halina ubishi. Lakini haijaushinda mwanga kwenye mbio zozote. Mwanga unaotoka kwenye hiyo galaksi bado unaiacha galaksi yenyewe nyuma kwa karibu kilomita 300,000 kila sekunde, palepale ilipo. Kinachoongezeka ni nafasi iliyo kati yetu na yenyewe. Marufuku ya Einstein, kwamba hakuna kinachoupita mwanga, inahusu kuupita mwanga ubavu kwa ubavu, na hakuna galaksi iliyofanya hivyo.

Kuna jambo moja lingemaliza ubishi wote kama darasa lingekuwa na mwalimu. Anga lote limejaa mionzi iliyobaki tangu ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000. Wakati ule joto lake lilikuwa karibu Kelvin 3,000 (kipimo cha joto kinachoanzia sifuri ya baridi kabisa), leo limeshuka hadi Kelvin 2.7. Popote ulipo, kwenye galaksi yoyote inayobebwa tu na huo mtanuko, ukipima joto hilo unajua ulimwengu una umri gani, na wote mtapata jibu moja: miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo mtanuko unampa kila mtu saa moja ya pamoja, na ndani ya ulimwengu wa aina hii, ambao vitu vimesambaa sawasawa kila upande, hakuna njia hata moja inayozunguka ikakurudisha kwenye jana yako. Halafu eti huo huo mtanuko ndio mlango!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fizikia ya kweli ya safari za muda ni tamu kuliko huo uongo, na jamaa hakuigusa kabisa. Kwenda mbele kunawezekana, na kumeshapimwa, maana kasi na mvutano wa dunia hubadilisha mwendo wa saa. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa za atomiki, wakaizunguka dunia. Saa zilizokwenda mashariki zilirudi zimebaki nyuma kwa nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), zilizokwenda magharibi zilirudi zimetangulia kwa 273. Hata GPS ya simu yako: saa za zile setilaiti zingeachwa bila kurekebishwa, zingetangulia za huku chini kwa maikrosekunde 38 (sehemu za milioni ya sekunde) kila siku, na ramani ingekupeleka porini.

Sasa uchukue chombo kinachoongeza kasi bila kukoma, kwa kiasi kilekile cha mvutano wa dunia unachokihisi hapa ukiwa umesimama, kisha kipunguze kasi kuanzia nusu ya njia. Galaksi jirani ya Andromeda, umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5, ungefika ukiwa umezeeka miaka kama 28 tu. Huku nyumbani imepita miaka milioni mbili na nusu na hakuna anayekukumbuka. Mafuta utayatoa wapi sijui, ila hesabu inakubali.

Na hapo ndipo mtanuko unapoingia kwa haki yake, wakuu, kwa kukufungia njia. Mwaka 1998 iligundulika kwamba mtanuko unazidi kushika kasi. Matokeo yake, galaksi zilizo mbali kuliko miaka ya mwanga bilioni 16 au 17 tunaziona, lakini tukiondoka leo hatuzifikii milele, hata tukipanda mwanga wenyewe. Tunachokipata kutoka huko mbali ni picha za zamani tu, tena zinazochezwa taratibu: nyota inayolipuka ikachukua wiki tatu kufikia kilele cha mng'ao, ikiwa mbali kiasi kwamba mawimbi ya mwanga wake yamenyooshwa maradufu, sisi tunaiona ikichukua wiki sita. Hilo limepimwa. Buku kumi na tano ningeilipia hilo somo bila kinyongo.

Mwisho jamaa akamleta mwanahisabati Kurt Gödel. Nikakaa vizuri, nikajua sasa tunaanza. Gödel mwaka 1949 alitoa jibu halali la milinganyo ya Einstein ya mvutano, yaani ulimwengu wa kwenye hesabu ambamo unaweza kusafiri ukakutana na jana yako. Makala yenyewe ina kurasa nne. Lakini ulimwengu wa Gödel UNAZUNGUKA na HAUTANUKI. Humo mwanga wa mbali haunyooshwi kuelekea wekundu (dalili ya kutanuka) kama tunavyouona kwenye darubini zetu, na ile mionzi ya mwanzo haionyeshi dalili kwamba ulimwengu wetu unazunguka. Gödel mwenyewe alijua kwamba huo ulimwengu wake hautanuki kama wetu. Hata humo ndani, alikokotoa kwamba ungehitaji chombo chenye kasi isiyopungua asilimia 71 ya kasi ya mwanga.

Nikaandika kwenye chati, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ulimwengu wa Gödel unatanuka?" Ujumbe ukafutwa. Nikauandika tena. Nikatolewa darasani. Nikaomba hela yangu, nikablokiwa.

Mkuu, najua upo humu na uzi huu unausoma. Darasa la mwezi ujao umeshalitangaza na bei umepandisha. Jibu hapa hapa mbele ya watu: huo mlango unaouza uko kwenye ulimwengu wetu unaotanuka, au ule wa Gödel usiotanuka? Ukishindwa kujibu, namba niliyolipia unayo, rudisha na ya kutolea.