Ukoo wa Bibi Tuliza: Festo anatafuta pikapu

Jumatano

Festo: Shikamooni wakubwa zangu wote. Nimepata pikapu, Hilux dabo kabini LN106 ya mwaka 1995, injini 3L, fo wili. Iko Bagamoyo. Dalali anataka milioni 17, kilomita zinasoma 187,000. Msimu huu sitaki tena kubembeleza Fuso za watu kutoa viazi shambani Uwemba. Mnasemaje?

Festo: [picha 5]

Shangazi Tumaini: Marahaba mwanangu. Jamani inang'aa hiyo! Bluu imetulia kabisa.

Joshua: Mdogo wangu, gari ya miaka thelathini? Ongeza kidogo uchukue Hilux ya kisasa, Vigo D-4D. Ina nguvu, kiyoyozi, unaendesha kama binadamu.

Upendo: Kaka Joshua, hiyo "kidogo" ni kiasi gani?

Joshua: Kama milioni kumi na tano hivi.

Upendo: 😂😂😂

Festo: Kaka, nalima viazi, sijawa mbunge.

Baraka: Shikamoo mama, shikamoo mjomba Ezekia. Festo, kwa injini hiyo sina neno. 3L ni cc 2,779, haina turbo, haina kompyuta, pampu yake ya dizeli inaendeshwa na mkanda wa taimingi basi. Ikikugomea Makambako usiku, fundi yeyote mwenye spana na akili atajua aanzie wapi. Nguvu usitegemee, mlimani lori litakupigia honi. Ila hizo kilomita 187,000 zisahau. Pikapu ya kazi ya mwaka 95, huenda hiyo ni mara ya pili inapita hapo, au dashibodi ni ya gari nyingine.

Joshua: Baraka, kwa hiyo unamaanisha D-4D ni mbaya? Mbona barabarani zimejaa?

Baraka: Sijasema mbaya kaka. Nazifungua hapa Mbeya kila wiki. 1KD, injini ya hiyo Vigo, ikiwa nzima ni tamu. Tatizo ni unainunua mkononi hujui ilikotoka. Vile visili vya shaba chini ya nozo zinazopuliza dizeli vikichoka, moshi wa mwako unavuja unaingia kwenye oili, oili inakuwa kama lami, chujio la kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, linaziba. Dereva anaona taa ya oili imewaka, anasema atafika tu. Hafiki. Halafu dizeli ndani ya mfumo ule inasukumwa kwa zaidi ya baa 1,000, uchafu kidogo tu nozo zimekwenda. Festo dizeli ya shambani anaiweka kwa dumu na faneli.

Festo: Na faneli yenyewe ni chupa ya maji nimeikata.

Baraka: Umeona sasa.

Joshua: Basi ya turbo ya zamani, 1KZ.

Baraka: Hiyo ikichemsha mara moja tu silinda hedi inapasuka. Tukiletewa 1KZ, kitu cha kwanza kuuliza ni kama imeshawahi kuchemsha, na wote wanajibu haijawahi.

Bamdogo Ezekia: Marahaba wanangu. Nimeziangalia picha. Zote tano ni za juu. Ya chini ya gari iko wapi?

Festo: Hakunitumia bamdogo.

Bamdogo Ezekia: Ilikuwa inabeba nini?

Festo: Dalali anasema ni ya mzee mmoja, alikuwa anaendea shambani tu.

Upendo: Huyo mzee mmoja ana magari mengi kuliko serikali. Kila gari ya dalali ni yake.

Bamdogo Ezekia: Sikiliza Festo. Nimeendesha hizi LN106 zikiwa mpya, kwenye miradi ya maji, Ludewa hadi Makete. Hakuna aliyezishinda. Mbele zina ekseli nzima na springi za majani kama lori, unaruka shimo unaendelea. Unataka fo wili unashuka unazungusha loku za magurudumu ya mbele kwa mkono. Kwa hiyo ugumu wake sikubishii. Lakini pwani ni pwani. Samaki wakibebwa na barafu, yale maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi ya nyuma yanaingia ndani ya chesesi, yale mataruma ya chini yanayobeba gari zima. Chesesi ya Hilux ina uwazi ndani kama bomba. Chumvi ikikaa humo inakula kutoka ndani kuja nje, wewe kwa nje unaona rangi nyeusi nzuri. Injini ikifa utaenda Gerezani pale Kariakoo utapata 3L ya mtumba, TRA watakubadilishia namba ya injini kwenye kadi, maisha yanaendelea. Chesesi ikifa umenunua viti na redio. Ile namba iliyogongwa kwenye chesesi ndiyo gari yenyewe, huwezi kwenda kununua nyingine dukani.

Shangazi Tumaini: Kaka Ezekia leo umeandika waraka.

Bamdogo Ezekia: Dada, ni milioni kumi na saba hizi. Siyo kuku.

Upendo: Jumamosi nina nafasi, naweza kwenda Bagamoyo. Ila mimi gari najua kuweka mafuta tu. Baraka nielekeze.

Baraka: [sauti, 4:12]

Upendo: Niandikie bwana, niko ofisini.

Baraka: Haya dada. Fika mapema kabla hawajaiwasha, na usiwaambie saa. Gusa boneti kwanza, ikiwa ya moto ujue wameshaipasha ili isikuaibishe. Ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji, yakiwa na utelezi wa oili au rangi ya chai ya maziwa rudi nyumbani. Iwashwe: washa ufunguo, subiri ile taa ya koili za kupasha injini izime, kisha stata. Ikinguruma fungua kifuniko cha kujazia oili. Kamvuke kidogo ni kawaida kwa umri wake, ila ikiwa inapumua pufu pufu pufu, moshi unakurukia usoni, pistoni na ringi zimechoka. Moshi wa nyuma mweusi kidogo ukikanyaga sawa. Bluu ni oili inaungua. Mweupe unaonukia utamu utamu, maji yanaingia ndani. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Wake ni kila kilomita 100,000, hata dashibodi ina taa yake, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Sasa muhimu kuliko yote hayo: chukua bisibisi kubwa na nyundo ndogo, lala chini.

Upendo: Nilale chini?? Na nguo gani?

Baraka: Kanga ya zamani. Gonga chesesi toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia ting. Kilichooza kinajibu duf. Kazia pale juu ya ekseli ya nyuma, kwenye hanga za springi, na nyuma ya kabini. Ikijibu duf chomeka bisibisi. Namba ya chesesi iko reli ya kulia karibu na tairi la mbele, ipige picha tulinganishe na kadi. Na namba ya gari tutumie tuangalie kama ina madeni ya faini.

Shangazi Tumaini: Jamani msisahau mchango wa kipaimara cha Glory, mwisho Ijumaa. Naona wote mmekimbilia magari.

Joshua: Tayari shangazi, nimetuma asubuhi.

Jumamosi

Upendo: Niko Bagamoyo. Nimefika saa moja kasoro. Boneti ya moto!

Festo: 🙆

Upendo: Jamaa anasema aliisogeza tu kupisha gari nyingine. Injini lakini nzuri, imewaka mara moja, haipumui, moshi hauonekani. Maji ya rejeta ni ya kijani safi. Kabini inanukia manukato makali mno.

Bamdogo Ezekia: Manukato ya kufukuza samaki hayo.

Upendo: Nimelala chini sasa. Chesesi yote imepakwa rangi nyeusi, bado inanata.

Baraka: Gonga.

Upendo: [sauti, 0:09]

Baraka: Duf. Hata mimi huku Mbeya nimeisikia. Chomeka bisibisi.

Upendo: [picha 2]

Upendo: Imeingia mpaka kwenye mpini!! Na pale nyuma ya kabini kuna bamba limechomelewa, wamepaka puti juu. Dalali ananipigia kelele eti mama unaharibu gari ya watu.

Shangazi Tumaini: Toka hapo mwanangu usije ukapigwa.

Joshua: Nauliza tu, hapo si anachomelea bamba nene pande zote mbili anashusha bei milioni tano? Injini mmesema nzima.

Baraka: Kaka bamba unalichomelea kwenye nini? Chuma cha kushikia ndicho kilichokwisha. Unachoma hapa, pembeni yake ni karatasi. Na kutu iko ndani, huwezi kuipaka rangi. Ingekuwa gari ya kwenda kanisani Jumapili ningesema jaribu. Hii inabebeshwa viazi kwenye barabara ya Uwemba wakati wa mvua.

Bamdogo Ezekia: Nimeziona mbili zimekatika. Bodi inabaki inatazama mbinguni. Festo, achana nayo.

Festo: Nimeachana nayo. Dada ahsante sana, nauli na kanga nakurudishia.

Upendo: Kanga imekufa. Nataka kitenge.

Shangazi Tumaini: Sasa naomba niseme, maana mmenifunika na injini zenu. Kuna masista upande wa Madaba nawauziaga viazi vya shule yao. Wanauza pikapu yao, wameletewa mpya. Ni mbaya kwa sura.

Festo: Mbaya kiasi gani shangazi?

Shangazi Tumaini: Mlango mmoja una rangi nyingine.

Bamdogo Ezekia: Hiyo ndiyo ya kwenda kuangalia.

Jumatatu

Festo: Niko kwa masista. LN106 vilevile, singo kabini, 1994. Rangi ya krimu imebabuka, siti imechanika, redio hakuna, bodi ya nyuma imebonyea kila upande. Ila wana daftari! Kila oili imeandikwa tarehe na kilomita, toka sista wa kwanza. Mkanda wa taimingi umebadilishwa, kabla haujamaliza muda. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa. Wanatumia kulanti siku zote, siyo maji ya kisima.

Baraka: Nyundo?

Festo: Ting ting mpaka mwisho. Kutu ya juu juu ipo, bisibisi haiingii popote. Haijawahi kukaa pwani, ilitoka bandarini ikaja moja kwa moja huku. Namba ya chesesi na kadi zinalingana, hata injini ni ileile iliyoandikwa.

Baraka: Niambie ubaya wake sasa, maana lazima uwepo.

Festo: Asubuhi hapa baridi kali, imewaka kwa shida, mpaka nilipowasha koili mara mbili. Gurudumu la mbele la kulia linavuja grisi nyeusi kwa ndani. Mlimani ukikanyaga gia ya nne injini inapanda sauti, gari haiendi. Na inatoa moshi mweusi.

Baraka: Kuwaka kwa shida, plagi za koili mbili tatu zimekufa, hiyo hela ndogo. Grisi ni sili za nakoli, ile sehemu inayogeuzia gurudumu la mbele, tukifungua tunaangalia na beringi zake, ukiendelea hivyo uchafu unaingia, usukani unaanza kutetemeka. Injini kupanda sauti bila mwendo ni klachi inateleza, weka sahani na preshapleti mpya pamoja, usibahatishe kimoja. Moshi mweusi anza na filta ya hewa, kisha nozo zipelekwe kwenye mashine zipimwe. Hakuna hata kimoja hapo cha kunikosesha usingizi.

Bamdogo Ezekia: Omba wakuruhusu uipandishe mlima wa Lukumburu. Tia mizigo hata ya mawe. Ukifika juu usizime, fungua boneti, tazama mshale wa joto na usikilize feni.

Festo: Sawa bamdogo. Kuna mahindi ya shule, wamesema nipakie hayo.

Joshua: Bei?

Festo: Walisema 14. Nimewatajia klachi na sili, wakaenda kuongea wenyewe. Wamerudi na 13.

Joshua: Hmm. Kwa hiyo ile milioni nne iliyobaki unafanya ukarabati. Haya, nimenyamaza.

Upendo: Kaka Joshua kanyamaza! Pigeni picha ya skrini.

Festo: Nimeshuka Lukumburu. Imepanda gia ya pili, lori mbili zimenipita kama Baraka alivyotabiri. Mshale uko katikati, haukusogea. Maji hayajapungua.

Bamdogo Ezekia: Nunua. Mkataba mwandikishiane kwa mwanasheria, na usiondoke bila kadi halisi. Jina ubadilishe TRA wiki hiihii, usiseme utaenda baada ya mavuno.

Alhamisi

Festo: Kadi ninayo. Gari iko kwa Baraka Mbeya, klachi imeshashushwa.

Baraka: Nakoli pia wazi. Beringi moja ilikuwa imeliwa, nimebadilisha zote za upande huo. Festo amekuja na wazo la kuongeza majani mawili ya springi nyuma. Mjomba naomba uongee naye wewe.

Bamdogo Ezekia: Usiongeze! Springi ngumu haibebi zaidi, inahamishia uzito kwenye chesesi, inapasukia palepale nyuma ya kabini. Hiyo ni gari ya tani moja. Magunia kumi ya kilo mia, basi.

Shangazi Tumaini: Festo mwanangu, Jumanne nina magunia kumi yangu ya kwenda Makambako. Umesikia bamdogo wako, kumi tu.

Bamdogo Ezekia: Dada, kumi ya kwako ni lumbesa. Yana vilemba juu. Hayo ni kumi na nne.

Shangazi Tumaini: Nani kakwambia?

Bamdogo Ezekia: Nimekubebea miaka mingapi?

Shangazi Tumaini: Haya basi atapitia mara mbili, dizeli juu yangu.

Festo: Jumanne asubuhi nipo kwako shangazi. Na nakuja na mizani.